Kadi Kwanza, Raia Baadaye

KUTOKA BARAZANI
Na Sabina Mwasomola

Kijijini kwetu Rungwe yuko mzee mmoja ambaye ugomvi wa mpaka wa shamba haufiki mbali kabla hajaitwa. Cheo hana, ila kumbukumbu anayo. Anajua mparachichi upi ulipandwa na babu wa nani, mfereji ulihamishwa lini na nani alikubali, na akisema "tukae", watu wanakaa. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, majirani walimwendea wakamwomba agombee uenyekiti wa kitongoji. Baada ya kubembelezwa sana akakubali. Alipokwenda kuuliza habari za fomu, swali la kwanza lilikuwa: unatoka chama gani?

Hakuwa na chama. Alishukuru, akarudi kwenye migomba yake.

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayeandika barua ya utambulisho mtoto anapotafuta kazi, ndiye anayeshuhudia mauziano ya kiwanja, ndiye anayeamshwa usiku mwizi akikamatwa. Katika hayo yote sioni kazi hata moja inayohitaji kadi ya chama. Lakini sheria inaitaka kwake, inaitaka kwa diwani, na Katiba yenyewe, katika ibara ya 39 na ya 67, inaitaka kwa Rais na kwa mbunge. Mtanzania asiye na chama ana haki ya kuchagua. Haki ya kuchaguliwa hana, mpaka chama kimdhamini.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko TANU ilikuwa imemteua mtu mwingine, na Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU, akasimama peke yake bila baraka za chama. Watu wa Mbulu wakamchagua. Nchi haikupasuka. Mwaka uliofuata tukapata uhuru wetu, na mtu wa Mbulu alikuwa ameingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Mbulu.

Hata chini ya chama kimoja mpiga kura aliachiwa nafasi kidogo. Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakawaangusha vigogo, Waziri Paul Bomani akiwa mmojawapo. Siutetei mfumo ule, maana mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa kila asiye mwana-TANU. Nasema tu kwamba tulipofika 1992 na kuruhusu vyama vingi, tulidhani tunaufungua mlango huo kwa raia. Tulioufungulia ni vyama.

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyozunguka nchi nzima kukusanya maoni, ilikuta zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, na karibu mmoja kati ya watano akitaka vyama vingi. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na ikaorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Naliheshimu sana pendekezo lile. Tume ilielewa kwamba haki ya wachache haisubiri wengi waridhike. Ni fikra hiyohiyo tuliyoikosa miaka miwili baadaye.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Mtikila hakuwa mtu rahisi kumpenda. Maneno aliyoyatoa majukwaani dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia yaliwaumiza watu wasio na hatia, na mimi siyasamehe kwa sababu tu ya aliyoyafanya mahakamani. Chama chake, Democratic Party, kilikuwa hakijasajiliwa kwa kuwa alikataa kuutambua Muungano kama sheria ilivyodai. Alikuwa raia anayetaka kuingia siasani na hana chama kinachotambuliwa. Hapo akauliza swali ambalo wanasheria wengi walilikwepa: Katiba inaposema kila raia ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, raia huyo ni yupi?

Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alijibu kwamba ni raia yeyote. Alisema ni halali kwa mgombea binafsi kusimama, kando ya wagombea wa vyama.

Lililofuata bado linanikaba koo. Hata kabla jaji hajasoma hukumu, Serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba, na kabla mwaka haujaisha Bunge likaupitisha. Yakawa Mabadiliko ya Kumi na Moja. Ibara ya 21, inayompa raia haki ya kushiriki katika uongozi, ikafungwa kamba kwenye ibara ya 39 na ya 67, ili haki ile isivuke mpaka uliowekwa na vyama. Haki za binadamu tulikuwa tumeziingiza katika Katiba mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Zilikuwa na umri wa miaka sita tu ya kutumika tulipoipunguza mojawapo kwa sababu mtu mmoja alikuwa karibu kushinda kesi.

Mwalimu Nyerere aliliona. Katika kitabu chake Our Leadership and the Destiny of Tanzania alilalamikia wazi kitendo hicho, akaonya kwamba tukishakubali kuichezea haki moja ya msingi, hakuna kitakachotuzuia kuzichezea zote. Tunamnukuu Mwalimu kwa kila jambo katika nchi hii. Kwa hili tumemwacha azungumze peke yake.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, safari hii Dar es Salaam. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa tena ushindi, wakaitaka Serikali iandae utaratibu wa wagombea binafsi kabla ya uchaguzi uliokuwa unafuata. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, walisema mahakama haina mamlaka ya kufuta kifungu cha Katiba, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Naielewa hoja yao ya mipaka ya mihimili. Ila Bunge lililorudishiwa jambo hilo limejaa watu walioingia kwa tiketi za vyama, na walikuwa wakiombwa waondoe ulinzi unaowafaa wao wenyewe.

Ikabaki Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa nchini, Arusha. Chama cha Wanasheria Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtikila walikwenda huko mwaka 2011. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ilisema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika: haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, uhuru wa kujiunga au kutojiunga na chama, na usawa mbele ya sheria. Mwezi huohuo Tume ya Jaji Joseph Warioba, ambayo makamu mwenyekiti wake alikuwa Ramadhani yuleyule, ilitoa rasimu ya Katiba mpya iliyomruhusu mgombea binafsi. Kwa muda mfupi ilionekana kama njia zote zimekutana. Kisha mchakato wa Katiba ukasimama. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijapigwa. Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu.

Nawasikia wanaopinga, na baadhi yao nawaheshimu. Wanasema mgombea binafsi ataleta ukabila, kwamba matajiri watanunua majimbo, kwamba Bunge litajaa watu wasio na msimamo. Hoja ya fedha ni ya kweli. Lakini fedha hazijasubiri mgombea binafsi. Ziko kwenye kura za maoni za vyama msimu baada ya msimu, na kila mtu anayajua majina ya bahasha zile. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, ibara ya 85, ilimruhusu mgombea binafsi kwa sharti kwamba asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wengi wanaosimama hivyo ni walioshindwa kwenye mchujo wa vyama vyao, na wengi hushindwa tena. Wachache hushinda, wakaingia bungeni, wakafanya kazi. Bunge la Kenya lina matatizo yake, na mgombea binafsi si chanzo chake.

Tena, mjadala huu umekuwa mno kuhusu wagombea. Mimi naona anayedhulumiwa zaidi ni mpiga kura. Kwa Katiba yetu mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti. Machi 2015 Chadema ilimvua uanachama Zitto Kabwe, na ubunge wake ukaishia hapo. Watu wa Kigoma Kaskazini waliompa kura hawakuulizwa. Mbunge anayejua hilo atamwogopa nani zaidi, aliyempigia kura au aliyemkatia kadi?

Na chama chenyewe kikifungiwa nje, wote walio ndani yake wamefungiwa. Tarehe 12 Aprili 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Chadema, kwa kutosaini kanuni za maadili, haitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Unaweza kuilaumu Chadema kwa kutosaini, au Tume kwa uamuzi wake. Lakini mwanachama wa kawaida wa Tarime au Moshi, ambaye hakukaa katika kikao chochote cha kuamua, alipoteza haki yake siku hiyohiyo. Mlango mwingine wa kupitia hakuwa nao, isipokuwa ahame akatafute kadi nyingine.

Njia aliyopita Mtikila kwenda Arusha nayo imezibwa. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki nchi moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kutumika. Jengo liko palepale Arusha. Mzee wetu wa Rungwe anaweza kupanda basi akalitazama kwa nje.

Nilipita kwake Desemba iliyopita. Alikuwa chini ya mwembe na familia mbili zilizogombania njia ya maji, na baada ya saa mbili hivi wakapeana mikono. Kisha wakahitaji makubaliano yaandikwe na kupigwa muhuri. Akawaelekeza kwa kijana aliyepita bila kupingwa, nyumba ya tatu ukishavuka mto, akaomba mjukuu wake awasindikize maana giza lilikuwa linaingia.