Aibu Isiwe Ushahidi

Mwaka 2002 kampuni ya Mattel ilikuwa mbele ya mahakama ya shirikisho New York, ikimkabili mtu aliyewavisha wanasesere wa Barbie mavazi ya ngozi, akawageuza sura na kuwauza kwa watu wazima. Mattel haikupata ilichotaka. Jaji aliona Barbie yule amepewa maana mpya, tena soko la Mattel halikuguswa, kwa kuwa Mattel haiuzi wala haitarajiwi kuuza Barbie wa namna hiyo.

Jaji alikuwa sahihi. Hakimiliki hailindi heshima ya mhusika. Inalinda ubunifu usinakiliwe. Wachoraji wa Air Pirates wa San Francisco, waliomchora Mickey Mouse akifanya ngono mwaka 1971, walishindwa na Disney kwenye rufaa mwaka 1978 kwa sababu walimnakili kupita kiasi ambacho dhihaka yao ilihitaji. Ngono haikuwa kosa lao.

Kwa hiyo anayetengeneza vifaa vya faragha vyenye sura ya mhusika wa katuni ajiulize: kazi yangu inasema nini juu ya mhusika huyu? Kifaa kilichofuata rangi, pembe na macho yake ili tu mashabiki wakinunue hakisemi lolote. Kubadilisha jina kwenye boksi hakumwokoi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba hata gari la Batman ni mhusika mwenye kulindwa, kwa sababu lina sifa zinazolitambulisha.

Kwenye alama za biashara mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo ninapogombana na sheria. Duka dogo la Kentucky, lililouza nguo za ndani na vifaa vya watu wazima, lilijiita Victor's Little Secret. Wenye chapa maarufu ya nguo za ndani, Victoria's Secret, wakashitaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilidai ushahidi kwamba alama yao imedhoofika kweli. Bunge la Marekani likaibadili sheria mwaka 2006, ikatosha kuonyesha uwezekano tu wa madhara. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa, jaji mmoja akipinga, ikaona kwamba jina linalokumbusha alama maarufu likiuza bidhaa za ngono, inadhaniwa limeichafua. Mwenye duka ndiye aliyetakiwa kuonyesha vinginevyo.

Huko ni kuugeuza mzigo wa ushahidi. Mnunuzi akidanganywa kuhusu chanzo cha bidhaa, muuzaji aadhibiwe. Mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya wiski ya Jack Daniel's, Mahakama ya Juu ilikataa kuipa dhihaka kinga ya pekee pale inapotumika kama chapa ya bidhaa za mtu, na sina ugomvi na hilo. Lakini kampuni inayodai jina lake limechafuliwa ilete mteja aliyeiacha, au mauzo yaliyoshuka. Bidhaa halali isihukumiwe kwa kuwa inauzwa kwa ajili ya chumbani.