Vitanda vya watoto wa darasa la saba: tuchague mchoro gani?



Mnajua wote kwamba vitanda vipya vya internati vitatengenezwa katika likizo kubwa. Michoro miwili iko juu ya meza ya Bwana Prefe. Sisi viongozi wa wanafunzi tuliitwa kutoa shauri letu. Tuliona vema kuliandika hapa, ili kila mtu alisome, na anayetaka kulipinga alipinge.

Mchoro wa kwanza ni kitanda cha watu watatu, mmoja juu ya mwengine. Wengi wanaupenda sababu ya hesabu: watoto 60 wanalala katika vitanda 20, na nafasi inabaki. Kinapigwa misumari tu, hakina ngazi wala kizuizi. Mchoro wa pili ni kitanda cha watu wawili. Unaomba vitanda 30, tena buloni, ngazi, na kizuizi pande mbili za kitanda cha juu. Bei yake ni kubwa kushinda, hatufichi.

Sisi tunachagua wa pili. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza, kuanguka. Muhula uliopita mtoto mmoja wa darasa la saba alianguka usiku toka juu, akavunjika mkono. Watu walisema alikuwa anaota. Lakini kila mtu anaota! Kosa ni kwamba kitanda hakikuwa na kizuizi. Na tuseme kweli yote: ule mtoto hakuchagua kulala juu. Ni sisi wakubwa tuliomwambia: "Weye mudogo, panda kule juu!" Ndiyo desturi ya hapa. Sisi pia tulipandishwa tukiwa wadogo, na tulipokua tukafikiri ni zamu yetu kupandisha wengine.

Pili, joto na mbu. Mtoto wa tatu katika mchoro wa kwanza atalala karibu kabisa na mabati. Kukiwa jua kali, mabati yanabaki na moto hata jioni. Na chandarua kitafungwa wapi? Tunaokoa nafasi, kisha mtoto anakosa masomo sababu ya malaria.

Tatu, mbao. Eukaliptusi ikipigiliwa ingali mbichi, inajipinda na kupasuka wakati wa kukauka, na misumari inalegea. Buloni ikilegea inakazwa tena kwa ufunguo, kazi ya dakika moja. Kwa hiyo tunaomba mbao zinunuliwe sasa, wala si katika likizo. Zipangwe chini ya paa, vijiti katikati ili upepo upite, na seremala akija azikute zimekwisha kukauka.

Hata hivi, mchoro wa pili nao una kosa moja, na linapaswa kusahihishwa mbele ya kukata ubao wa kwanza. Kizuizi kimechorwa sentimetre 20 juu ya mbao za kulalia. Lakini godoro letu lina unene wa sentimetre 15. Toeni wenyewe: zinabaki 5. Mtoto akigeuka mara moja amekwisha kupita! Sheria ya Marekani ya mwaka 1999 inaomba kizuizi kipite godoro kwa inchi 5, ni kusema karibu sentimetre 13, na nafasi kati ya mbao isizidi sentimetre 9, mwili wa mtoto usije ukapita na kichwa kikanaswa. Ulaya wanaomba sentimetre 16 juu ya godoro. Tukifuata hiyo, kizuizi kiwe sentimetre 31. Ni ubao mmoja zaidi kila upande, basi. Tena wote wawili, Marekani na Ulaya, wanakataza mtoto wa chini ya miaka 6 kulala juu. Walimu wenye kutaka mchoro huu kwa watoto wao wa nyumbani wakumbuke jambo hilo.

Wengine watauliza: "Feza iko wapi?" Ni swali la haki. Sisi hatuna feza, lakini tuna mikono. Kubeba mbao toka barabarani, kuzipanga, kuzisugua na msasa, hiyo kazi tutaifanya siku za salongo, na seremala atalipwa kwa kazi ya ufundi tu. Kwa ile nafasi, tulipima dortwari kwa metre: vitanda 30 vinaenea, kama tukitoa yale madawati mabovu yaliyorundikwa kule nyuma.

Sisi wa mwaka wa sita tutakwenda zetu kisha Exetat, hatutalala katika vitanda hivi. Lakini tusingoje vitanda vipya ili kuacha desturi mbaya. Tumepatana hivi: kuanzia Jumapili hii wakubwa watalala juu, na wadogo watashuka chini. Na kila kitanda cha juu kitafungwa ubao pembeni, hata kama ni ubao wa sanduku.

Mkubwa anayeona kwamba tunamwonea, aandike sababu zake katika namba ijayo. Tutazisoma, lakini azitoe akiwa kule juu.