NITAMFUNZA MWENYEWE



Yako maneno ambayo siku hizi yamekuwa matamu vinywani mwa baadhi ya wazazi hapa Songea, nasi tumeona hapana budi kuyasema bila ya kufumbafumba. Baba akiulizwa kwa nini mwanawe haonekani shule, hujibu kifua mbele: "Nimemtoa. Shule zimeharibika. Nitamfunza mwenyewe nyumbani." Jamaa barazani humwitikia, "Mashaallah!", kahawa ikaongezwa. Na mtoto mwenyewe muda wote huo yuko uani, hana kitabu wala mwalimu, anakimbizana na kuku.

Ewe baba, wamfunza nini? Saa ngapi? Kwa kitabu gani? Na mwalimu ndiye nani? Ni wewe ufunguaye duka asubuhi ukalifunga isha, na mvua za Novemba zikianza wahamia shambani hata palizi iishe? Au ni mama yake, ambaye naye babake alimtoa darasa la nne kwa maneno haya haya?

Hatusemi kwamba kufunza nyumbani ni kubaya. La, hasha! Sisi ndio wa mwisho kusema hivyo. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, naye ndiye mwalimu. Na vyuo vyetu vingi, tangu Lamu hata Kilwa, vilikuwa ni ukumbi wa nyumba ya mtu au baraza yake. Lakini tusisifu nusu tukaficha nusu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, alikulia katika nyumba yenye mali na walimu. Alifunzwa kusoma Kurani. Kuandika hakufunzwa, kwani kuandika kulionekana si kwa binti. Ameeleza katika kitabu chake, kilichochapwa Berlin mwaka 1886, jinsi alivyojifunza kwa siri, akizinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Yaangalieni hayo! Nyumba ya Sultani, na mtoto apate elimu kwa kujificha! Nyumba humpa mtoto kile tu ambacho wakubwa wake wanacho na wanataka kumpa. Kilichobaki huenda akakikosa milele, wala hatajua kwamba amekikosa.

Najua jawabu la wazee wetu. Watasema, "Wazazi wetu walitukataza shule, na walikuwa na haki." Kweli, walikuwa na khofu, na khofu yao ilikuwa na asili. Watawa wa Benediktini waliweka misheni Peramiho mwaka 1898, na kwa muda mrefu aliyetaka kalamu katika nchi hii ya Wangoni, mlango mkubwa wa kugonga ulikuwa huo. Mzazi Mwislamu aliogopa mwanawe atatoka nyumbani na jina moja na kurudi na jingine. Wengine wakaona bora wakose kalamu kuliko kukosa dini. Hatuwalaumu marehemu wetu. Ila kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule zile, na katika shule za serikali vipindi vya dini vimewekwa kwa kila watu na dini yao. Wewe ulalamikaye leo, umepata kwenda hata siku moja kuuliza ni nani anayewafunza watoto wa Kiislamu kipindi hicho? Hukwenda! Wakati mwingine hapana mwalimu kabisa, kwa sababu mimi na wewe hatukumpeleka. Basi twalilaumu giza ilhali kibiriti ki mfukoni.

Na kama kinachokuudhi ni kwamba mwalimu wa hesabu si Mwislamu, hebu rudi katika sira. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Kikureshi waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafunza watoto wa Madina kuandika: kila mmoja watoto kumi, kisha yuko huru. Washirikina hao, tena jana yake tu walikuwa na panga mkononi! Mtume (S.A.W.) hakusema watoto wa Ansari wakae majumbani hata apatikane mwalimu Mwislamu. Zaid bin Thabit (R.A.) naye aliamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi, na Zaid huyo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Kurani. Je, sisi tu wacha Mungu kumshinda yeye?

Tena iko sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka saba shule ya msingi, na kuhakikisha anahudhuria hata amalize. Tangu mwaka 2016 hapana ada. Najua sare na daftari zina gharama, lakini baba avutaye sigara asitutajie bei ya daftari.

Kisha ni kama kwamba tumesahau. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima kwa sababu ya maradhi ya korona, na za msingi hazikufunguliwa hata tarehe 29 Juni. Siku zaidi ya mia, kila mzazi wa Tanzania alipewa nafasi ya kuonyesha ualimu wake! Masomo yalitolewa redioni na katika televisheni. Kila mmoja wetu ajua nyumbani kwake palikuwaje. Wako waliokaa na watoto wao, Mwenyezi Mungu awalipe. Na wako waliowapa watoto sinia la karanga wakauze, au simu wanyamaze. Kumpa mtoto simu anyamaze si kumfunza. Ni kumlipa akuache.

Lakini linalotuuma zaidi ni la mabinti. Mtoto wa kiume akitolewa shule angalau yuko njiani, atasikia na kuona. Binti akiambiwa "utafunzwa nyumbani", mafunzo yake ni ndoo, ufagio, mdogo wake mgongoni na sufuria mekoni. Huo si ufunzaji, ni utumishi usio mshahara. Akifika miaka kumi na minne, baba aseme hana shule huyu, aolewe. Wallahi, wako wanaoanza na khatima hiyo tangu mwanzo, na neno "nyumbani" ni pazia tu.

Basi atakaye kufunza nyumbani kweli, na afunze. Shule ina mchana. Yako ni magharibi mpaka isha. Saa moja yatosha, ikiwa ni kila siku. Televisheni izimwe, simu zikae mbali, na yako iwe ya kwanza. Mtoto asome kwa sauti, na wewe usikilize. Hata kama hujui kusoma wajua kusikiliza, na mtoto asomaye anasikika, na abahatishaye anasikika. Muulize, "Umesoma nini hapo? Niambie kwa maneno yako." Akishindwa, arudie. Hapa ndipo watoto wetu wengi wanapoanguka, khasa waliotoka chuoni: wamezoea kwamba kusoma ni kutoa sauti sawasawa. Matamshi ya Kurani ni elimu tukufu, lakini mtoto awezaye kuisoma Yasin yote na hawezi kuisoma karatasi ya dawa ya babake bado hajamaliza.

Hesabu tusiziogope, zimejaa majumbani mwetu. Umevuna magunia 40 ya mahindi yaliyoota kwa mvua: mwulize mtoto zaka yake ni ngapi. Ni sehemu ya kumi, magunia manne. Na kama yalimwagiliwa kwa gharama? Nusu ya hiyo, mawili. Mirathi ndiyo darasa bora la sehemu, na walimu wa shule wangetuonea wivu: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja, sudusi. Mwambie: mtu amekufa hana deni, hakuacha wazazi, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na magunia 24. Mke thumuni, magunia matatu. Yaliyobaki 21, mwana 14 na binti saba. Binti akijua hesabu hii, siku babake akifa hapana ami atakayempunja. Labda ndiyo maana wengine hawataki aijue.

Mama asiyejua kusoma asikae jikoni wakati huo. Akae hapo hapo, mtoto amfunze yeye alichofunzwa mchana. Mtoto amfunzaye mwenziwe hushika mara mbili, na mama atapata alichonyimwa. Na baba akisafiri kwenda Mbinga kununua kahawa au Tunduru kununua korosho, saa ile isife; apige simu aulize kurasa ngapi zimesomwa.

Kila mwezi, au baada ya miezi miwili, nenda shuleni na daftari la mwanao mkononi. Usingoje uitwe, mzazi anayeitwa ni wa mtoto aliyevunja dirisha.

Na wewe uliyekwisha kumtoa? Usione haya kurudi. Kama ni juzi tu, mpeleke kwa mwalimu mkuu kesho. Kama miaka imepita, uko mpango wa MEMKWA, uliowekwa kwa ajili ya watoto walioikosa elimu ya msingi. Muulize Afisa Elimu Kata, uwe wakaa Bombambili, Lizaboni au Mfaranyaki. Atakwambia darasa liko wapi. Mwaka wa masomo huanza Januari, na Januari hapa kwetu mvua hukufunga shambani. Nenda sasa, na mtoto mwenyewe umshike mkono.