Kinena Nacho Kipimwe

Mgonjwa wa shinikizo la damu afikapo hospitali hufungwa mkanda wa kipimo mkononi, akaandikiwa dawa, akarejea kwake. Kwa wazee wengi huenda hilo likatosha. Lakini kijana wa miaka ishirini, ambaye shinikizo lake la mkononi li juu na miguu yake hupoa na kuchoka upesi, si haki aruhusiwe kuondoka kabla ya kuguswa mshipa wa kinena. Mapigo ya hapo yakiwa hafifu, au yakichelewa nyuma ya yale ya mkono, yamkini mshipa mkuu utokao moyoni, yaani aota, umebanwa tangu kuzaliwa, pale upinde wake unapoanza kuteremka.

Hitilafu hii ni adimu. Huwapata takriban watoto 4 katika kila 10,000. Tena aghalabu haiji peke yake. Nusu ya wagonjwa hao, au zaidi, vali yao ya aota huwa na vipande viwili badala ya vitatu, nayo huchakaa mapema, ikakaza au ikavujisha damu. Moyo hapo husukuma damu kupitia njia mbili zilizosongwa.

Clarence Crafoord wa Stockholm alikwisha kuonyesha, Oktoba 1944, kwamba sehemu iliyobanwa yaweza kukatwa na ncha zikaunganishwa. Ikiwa vali nayo ni mbovu, wako mabingwa wanaoanza kwa kuutanua mshipa, kisha vali siku nyingine. Wengine hupasua kifua mara moja, wakabadili vali na kupitisha mpira wa bandia nyuma ya moyo ili damu ipite kando ya pale palipobanwa. Uamuzi huo ni wao, wala gazeti halina la kuwafundisha.

Letu sisi ni la kabla na la baada. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya upasuaji wa moyo nchini humu. Ila mwenye vali ya chuma hunywa warfarini kila siku maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara: dawa ikipungua, damu huganda na vali ikakwama, ikizidi, mtu huvuja damu. Mwanamke anayetaraji kuzaa ana shida zaidi, kwani dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hayo yafaa aambiwe kabla ya kisu, si baada.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kuwa kipimo hicho cha damu na dawa yake havikosekani Unguja wala Pemba, na kwamba mikanda ya kupimia watoto na ile ya mapaja imefika vituoni. Mgonjwa wa Micheweni asilazimike kuvuka bahari kila mwezi kwa ajili ya matone machache ya damu.