Majani Chai Yanahesabiwa Bila Mtandao, Mwanafunzi Je?

Leo sina habari za simu mpya wala programu ya kupakua. Leo nina ugomvi.

Kuna wimbo unaoimbwa kila semina ya teknolojia: eti walimu wetu wanaogopa kompyuta. Uongo mtupu! Walimu ninaoishi nao hapa Kapkatet wanatuma pesa kwa M-Pesa na kuendesha vyama vyao kwenye WhatsApp. Kinachowachosha si kompyuta. Ni mifumo iliyoandikwa na watu waliokaa penye intaneti ya kasi, wakadhani nchi nzima imekaa hapo.

Hesabuni wenyewe. Mwaka 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilileta TPAD, tathmini ambayo mwalimu huijaza mtandaoni. Ikaja NEMIS, ambamo kila mwanafunzi aliandikwa na kupewa namba yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza 2019, ukaongeza alama za kupakia kwenye tovuti ya KNEC. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza mfumo mwingine, KEMIS, uchukue nafasi ya NEMIS. Mwalimu ni yule yule, watoto ni wale wale, tovuti juu ya tovuti.

Na si mchezo, maana pesa zilifungwa humo. Serikali iliweka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na NEMIS ikawa daftari la kugawia. Kuandikwa kulihitaji cheti cha kuzaliwa. Sasa fikiria mtoto wa kibarua aliyehamia kuchuma chai, cheti kilibaki huko walikotoka au hakikuwahi kutolewa. Darasani yupo, kwenye kompyuta hayupo. Chaki na vitabu vyake vinatoka kwenye fungu la wenzake.

Mwasema haiwezekani kufanya vingine? Njooni kwenye kituo chochote cha kununulia majani cha KTDA huku kwetu. Karani anapima mfuko kwa mizani ya kielektroniki, kifaa cha mkononi kinahifadhi kilo, mkulima anapewa risiti. Mtandao uwepo usiwepo, kazi haisimami. Takwimu zinapakiwa baadaye kiwandani. Kwa nini mfuko wa majani uandikwe papo hapo, na mtoto angoje mtandao urudi?

Najua jibu litakalokuja: kuna wanafunzi hewa, lazima serikali ihakikishe. Sawa kabisa, wezi wapo. Lakini mwizi hazuiwi na ukurasa unaokwama. Mwizi ana muda na bando. Anayezuiwa ni mwalimu mwaminifu mwenye darasa la kufundisha.

Kwa hivyo, wenzangu tunaoandika programu, haya ndiyo madai yangu:

1. Fomu ihifadhi kila kitu ndani ya simu kwanza, itume yenyewe mtandao ukipatikana. Ukikatika katikati, iendelee ilipoishia.

2. Jina la mtoto liandikwe mara moja tu. Mifumo ya serikali ipeane taarifa yenyewe. Mwalimu si waya wa kuunganisha tovuti.

3. Asiye na cheti apewe namba ya muda siku hiyo hiyo. Cheti kifuate, pesa zisingoje.

4. Kabla ya kuzindua, mfumo ujaribiwe muhula mzima kwenye shule za mashambani, si hotelini Nairobi.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji uvumbuzi. M-Pesa ilianza 2007 kwenye simu za mulika mwizi, bila intaneti, kwa sababu walioitengeneza walianza na simu ambayo mwananchi alikuwa nayo mfukoni.

Kila saa ambayo mwalimu anatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo ni saa iliyotolewa darasani. Anayeilipa ni mtoto. Tuache kuwaita walimu washamba, turekebishe kodi zetu.