Asili ya Neno "Maskini": Jibu la Neno Moja Halitoshi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa asili ya neno maskini hujibu kwa neno moja tu: Kiarabu. Wapo hata wanaoongeza kwamba umbo sahihi ni miskini na kwamba Waswahili wamelivuruga kwa kutojua. Jibu hilo lina walakini pande zote mbili.

Kwanza, Waarabu nao walilipokea neno hili. Katika Kiakadi, lugha ya kale ya nchi iitwayo leo Iraki, mushkenum alikuwa mtu wa tabaka lililo chini ya bwana na juu ya mtumwa. Hakuwa mwombaji. Sheria za Mfalme Hammurabi, zilizochongwa jiweni katika karne ya 18 K.K., zinaonyesha daraja lake bayana: bwana aliyempofua bwana mwenzake jicho alipofuliwa lake, lakini aliyempofua mushkenum alilipa fidia ya fedha, yakaisha. Neno likapita katika Kiaramu, likaingia Kiarabu; Kiebrania nacho kinalo, katika kitabu cha Mhubiri. Wanaleksika wa Kiarabu walilihusisha na mzizi s-k-n, wenye maana ya kutulia, wakasema maskini ni mtu aliyetulizwa na dhiki asiweze kujimudu. Maelezo hayo yanavutia, hasa kwa kuwa mzizi huo ndio uliotupa maskani, neno ambalo vijana wamelifanya jina la kijiwe. Hata hivyo, ni maelezo yaliyobuniwa baada ya neno kuwasili.

Kuhusu irabu, wanaotetea miskini wangefanya vyema kufungua Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311. Humo umbo lenye irabu a limetajwa bega kwa bega na lenye i, ijapokuwa limeitwa adimu. Huo si ushahidi kwamba Waswahili walilipokea kutoka kwa wasemaji wa umbo hilo. Yumkini irabu ilibadilika huku huku pwani. Lakini unatosha kumzuia mtu asiseme kwa yakini kwamba kosa ni la Mswahili. Masikini, lenye irabu iliyochopekwa kati ya s na k, ni suala jingine: hiyo ni kawaida ya Kibantu ya kutenganisha konsonanti, na haimhitaji Ibn Manzur.

Uhondo hasa umo katika maana. Nchini Moroko neno hili hutamkwa kwa huruma, hata kwa tajiri aliyefikwa na msiba. Katika nchi za Ghuba huweza kumaanisha mtu mpole asiye na madhara. Kituruki kimelifanya kuwa mvivu, mzito wa mwili. Kupitia Uhispania ya Waislamu na bandari za Mediterania, likaingia Ulaya likawa baya zaidi: mesquin ya Kifaransa ni mtu mwenye roho ndogo, na mesquinho ya Kireno ni bahili. Kiswahili kimehifadhi huruma ile ya Moroko. Mtu akisikia jirani kafiwa, husema "Maskini!" bila kuuliza fedha zake benki ni ngapi. Kimehifadhi pia upole wa Ghuba, kwani "maskini wa Mungu" ni mtu asiye na neno na mtu.

Linganisha sasa na fukara. Katika Kiarabu fuqara ni wingi wa faqir. Kiswahili kimeuchukua wingi huo kikaufanya umoja, kisha kikaunda mafukara. Wanasheria wa Kiislamu wamebishana tangu zamani ni nani mwenye dhiki zaidi kati ya wawili hawa, ambao wote wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Mahanafi husema ni maskini. Mashafii husema ni fakiri, kwa hoja kwamba katika Suratul-Kahf wametajwa maskini waliokuwa na jahazi lao baharini. Pwani yetu ni ya Mashafii kwa karne nyingi, na katika Kiswahili anayeitwa hohehahe ni fukara. Maskini huenda ana kibanda na kuku wawili. Je, matumizi haya yametokana na darasa za fikihi? Hakuna ubaya wa kushuku hivyo, ila mpaka sasa ni shuku.

Swali kama hilo haliwezi kujibiwa na kamusi inayoishia kwenye kifupisho cha "Kiarabu" ndani ya mabano. Padre Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, alijitahidi kuonyesha lahaja ambamo neno linatumika. Kamusi zetu za lugha moja zimeiacha njia hiyo kwa ajili ya usanifu, nasi tumeridhika. Wazee wanaojua tofauti ya maskini, miskini, fakiri na fukara kama zinavyosemwa Lamu, Mvita na Vumba wangalipo, na nauli ya kuwafikia si kubwa.