Neno la Mhariri: Bwana si Mtoto wa Abuna

Kila tukigusa neno bwana, hutokea mtu akatufungia mjadala kwa pumzi moja: ni Kiarabu hicho, abuna, baba yetu. Safari hii dai hilo limo katika makala tatu kati ya tano za toleo hili, na mbili kati ya hizo hazikuona hata haja ya kulitetea. Kamusi imesema, basi. Nimechoka.

Kwa upande wa maana sina ugomvi. Kwamba ubaba unaweza kuwa cheo, Waethiopia wametuonyesha: maaskofu wao huitwa Abuna, akiwemo Basilios, aliyekuwa patriaki wao wa kwanza mwaka 1959. Lakini huko abuna amebaki abuna. Kwetu nako, Abunuwasi aliingia na "abu" yake nzima, akazunguka hadithi zote za pwani bila kugeuka Bwanuwasi. Iweje yeye asalimike, mwenzake akatwe kichwa kisha apachikwe irabu tumboni? Anayeshikilia abuna anieleze ile "a" ya katikati imetoka wapi.

Mimi ningeanza na daftari la mahudhurio la shule, Lamu au Tanga. Mwanaheri, Bwanaheri. Mwanakombo, Bwanakombo. Wa kike mwana, wa kiume bwana. Na jozi hii si ya jana: Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utenzi mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na aliyewasumbua Wajerumani kule Saadani mwaka 1889 ni Bwana Heri. Mwana hatumtafutii asili Uarabuni. Kwa nini tumtafutie ndugu yake? Weka bu- mbele ya -ana, bwana huyo hapo, bila kulazimisha. Wanyarwanda na Warundi wanalo ubwana hadi leo, na kwao ni utoto.

Mtaniuliza utoto ulifikaje kwenye enzi. Kwa njia ileile aliyopita mwana hadi akawa bibi wa heshima zake, na ileile tunayopita sisi tukimwita mtu "mtoto wa watu", tukimaanisha ana kwao. Sidai nimemaliza kesi. Nadai tu kwamba wenye abuna ndio wenye mzigo wa kuthibitisha.

Yaliyobaki someni wenyewe. Makala ya Bwana katika tafsiri za Biblia ni ndefu lakini inalipa. Ya bwana shamba na bwana afya inachekesha mno, hasa pale penye viatu vya mvua. Ya jinsi "ndugu" ilivyompokonya bwana kiti Tanzania baada ya 1967 ingefaa kuwa fupi zaidi.

Kama nyumbani kwenu kuna barua za zamani, hata zile za hati za Kiarabu, tazameni zinavyoandika majina. Mkikuta mwanamke aliyeitwa Bwana, au mahali abuna ameandikwa palipotarajiwa bwana, tuleteeni nakala. Nitaichapisha ukurasa huuhuu.